GEMU LA BURE, MATUSI YA BURE: STAA WA LAIVU ALIVYOMZIMA DOGO WA MBAGALA

Wapenda gemu wa mjini wanamjua. Jina kapuni, ila ni yule mwenye taa za zambarau nyuma ya kiti, kofia kichwani hata kwenye joto la Dar la mwezi wa pili, na ile tabia ya kupiga meza mara mbili kabla hajasalimia. Majuzi kaingia laivu saa tatu usiku, kacheza kampeni iliyotengenezwa na dogo mmoja wa Mbagala, kapigwa, kalodi, kapigwa tena, kalodi tena, halafu kafunga shoo kwa maneno haya: "Hili siyo gemu, hili takataka. Dogo akauze karanga."

Komenti zikajaa vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi. Asubuhi yake dogo akaishusha kazi yake mtandaoni. Miezi minane ya kukesha kwenye laptopu ya mtumba yenye kioo kilichopasuka pembeni, imeondoka kwa sentensi moja ya mtu aliyekuwa anatafuta kiki.

Basi leo tuelewane kuhusu nani alikuwa takataka kwenye ule usiku.

Kwa ambao hawalijui, gemu lenyewe linaitwa Battle for Wesnoth. Ni la mikakati, la zamu kwa zamu: unasogeza watu wako kwenye ramani ya vyumba vya pembe sita, ukimaliza adui naye anasogeza wake. Askari wako wanapata uzoefu, wanapanda ngazi, na walio hai unawaita tena kwenye pambano linalofuata. Anayekufa amekufa. Lilianzishwa na David White mwaka 2003, toleo la 1.0 likatoka 2005, na tangu hapo linaendeshwa na watu wanaojitolea. Wachoraji, wapiga muziki, waandishi wa hadithi, waandika programu, wote hao mchezaji hawalipi hata mia. Liko Steam tangu 2018, bure. Halihitaji kompyuta ya bei mbaya, na ndiyo maana limefika mpaka Mbagala.

Utamu wake mkubwa ni kwamba mchezaji yeyote anaruhusiwa kutengeneza kampeni yake mwenyewe. Kihariri cha ramani kimo humohumo ndani, na hadithi na matukio yanaandikwa kwenye mafaili ya maandishi ya kawaida. Kampeni nyingi zinazokuja na gemu leo zilianza hivyohivyo, mtu alikaa kwake akaandika, wenzake wakacheza, wakakosoa, akarekebisha. Dogo naye kafanya hivyo. Mapambano sita, mazungumzo yote kwa Kiswahili, hadithi ya msafara wa chumvi unaovuka nchi iliyovamiwa na wafu. Kuna mzee kiongozi wa njia anayeongea kwa mafumbo mpaka unacheka. Hakuna anayelipwa kwa kuandika kitu kama kile.

Sasa twende kwenye pambano la tatu, maana ndipo staa alipovuliwa nguo.

Ramani ina mto katikati, maji ya kina kifupi, unavukika. Ng'ambo kuna mifupa inayotembea na shoka mkononi. Wewe una dhahabu ya kuajiri askari na zamu 20 za kumaliza kazi. Kabla ya kuanza, yule mzee anasema vitu viwili: mkuki hauna cha kuchoma kwenye mfupa, na mto huvukwa jua likiwa limetoka. Mazungumzo mafupi tu, hayafiki nusu dakika.

Staa hakuyasoma. Anaonekana kabisa anabonyeza, bonyeza, bonyeza, huku anasoma majina ya waliomtumia zawadi. Halafu kaenda kuajiri askari sita wa mikuki. Kwa nini? "Ni bei chee." Kweli ni bei chee, dhahabu 14 kila mmoja, jumla 84. Kwa hela hiyohiyo angepata wawili wa rungu, wale waliovaa chuma kizito, kwa 19 kila mmoja, pamoja na wachawi wawili wa moto kwa 20 kila mmoja. Jumla 78 na chenji ya dhahabu 6 inabaki. Rungu na moto ndivyo vinavyovunja mifupa, siyo siri ya chuo kikuu. Ukibonyeza picha ya adui, gemu linakuonyesha silaha gani inamuumiza na ipi anaicheka.

Zamu ya tano kawaingiza mtoni. Kwenye Wesnoth siku ina zamu sita: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, halafu usiku zamu mbili. Pambano likianza alfajiri kama hili, zamu ya tano ni usiku. Na usiku una maana. Askari wake wa mikuki ni watu wa mchana, jua likiwaka wanaongezewa asilimia 25 ya nguvu, usiku wanapunguziwa hiyohiyo. Wafu ni kinyume chake. Saa ambayo staa alichagua kuvuka ndiyo saa ambayo wake ni wadhaifu kuliko zote na wa adui ni wakali kuliko zote. Na yeye ndiye aliyechagua, hakuna aliyemsukuma.

Tupige hesabu taratibu, kwa sababu ndiyo kesi yenyewe.

Mkuki wa yule askari una nguvu 7, unachoma mara tatu. Mifupa inapunguza asilimia 60 ya maumivu ya kuchomwa, hivyo mchana wa kawaida usio na nyongeza 7 inabaki 3. Usiku inashuka mpaka 2. Mbili! Mfupa mmoja una uhai 34, kwa hiyo unahitaji kuuchoma mara 17. Na kwa kuwa umesimama kwenye nyasi kavu, kila mchomo una nafasi ya asilimia 60 tu ya kupata.

Upande wa pili, shoka la mfupa lina nguvu 7 mara tatu, usiku linakuwa 9. Askari wa staa kasimama kwenye maji, na kwenye maji binadamu ana kinga ya asilimia 20 tu, maana yake kila pigo linampata kwa asilimia 80. Uhai wake ni 36, kabla ya kuongeza vipaji alivyozaliwa navyo. Tisa mara nne ni 36. Mapigo manne, kwaheri.

Sasa staa anashambulia kwenye zamu yake, mfupa unajibu mara tatu. Zamu inahamia kwa adui, mfupa unashambulia mara tatu tena. Mapigo sita, na manne tu yanatosha kuua. Uwezekano wa manne au zaidi kupata ni mara 90 katika 100.

Tisini! Halafu mtu mzima anapiga meza, "Kompyuta inaiba! Ona hii bahati, ona!" Kaka, hiyo siyo bahati mbaya. Bahati mbaya ingekuwa upande wa mfupa kama askari wako angepona. Kompyuta inarusha kete zilezile unazorusha wewe. Tena kwenye dirisha la kushambulia kuna kitufe kabisa cha mahesabu, ukikibonyeza unaonyeshwa uwezekano wa kila kitu, nani atakufa, nani atabaki na uhai kiasi gani. Kwenye saa mbili na nusu za laivu hakukigusa hata mara moja. Anacheza gemu la mikakati kama mtu anayejaza mkeka wa Jumamosi, mkeka ukichanika anamtukana refa.

Tuwe wa haki hapa. Wesnoth kuna siku inauma kweli. Mchawi wa moto anapiga mara tatu, kila pigo asilimia 70, na bado mara 27 katika 1000 atakosa yote matatu. Ukishambulia naye mara mia, karibu mara tatu utabaki mdomo wazi. Hilo linatokea, na litatokea pale unapolichukia zaidi. Ndiyo maana wanaolijua gemu hawapangi shambulizi linalotegemea mtu mmoja asikose. Wanaweka wa pili nyuma yake, na wa tatu wa kuziba pengo. Wakikosa wote watatu, bado mstari umesimama, maana waliukata kwenye ardhi nzuri.

Na lile pambano la mto lina dawa rahisi mpaka aibu. Usivuke. Kaa ukingo wako, kwenye kijiji na vilima, wachawi nyuma, wa rungu mbele. Mifupa haina subira, itakuja yenyewe. Ikiingia majini inakwama, maji yanaila mwendo, na kinga yake inashuka mpaka ileile asilimia 20. Hapo wewe ndiye unayepiga kwa asilimia 80. Mchawi peke yake hafaidiki na maji, maana uchawi wake ni 70 popote adui aliposimama, hivyo majini mwache mwenye rungu aanze, mchawi amalizie. Zamu ya saba kumekucha. Ya nane na ya tisa jua kali. Ukifika ya kumi mto ni wako na una zamu kumi za kutembea. Mzee alisema. Mzee alisema kwa Kiswahili!

Haya, tuje kwenye kulodi.

Klipu imekatwakatwa ili isionekane, lakini aliyekata kasahau kwamba juu ya kioo kuna namba ya zamu. Inakwenda tano, sita, inarudi tano. Inakwenda sita, inarudi nne. Ukikaa ukahesabu unapata mara kumi na moja. Mara kumi na moja amerudisha muda mpaka kete zikamkubali, halafu akanyoosha mikono juu, "Mkali wao! Nani kama mimi?"

Kulodi siyo dhambi. Gemu ni lako, muda ni wako, umetoka kazini umechoka, unataka kuona hadithi inaishaje, lodi mpaka uchoke. Matoleo ya karibuni hata yanakupa kuchagua mwanzoni kete ziweje: za kawaida, au zile ambazo ukilodi na kurudia hatua zilezile zinaleta matokeo yaleyale, au zile zilizopunguzwa ukali. Watengenezaji wenyewe wanajua watu wanatofautiana. Shida inaanza pale mtu anapolodi kwa siri, anajisifu kwa sauti, halafu anarudi kutoa hukumu juu ya ugumu wa gemu ambalo hakulicheza. Ukirudia kete mara kumi na moja hujajua pambano lina uzani gani, umejua tu kwamba kete zikirushwa sana mwisho zinaangukia unapotaka.

Na kulodi kwenyewe ndiko kulikomponza pambano la nne, jambo ambalo yeye mpaka leo hajaliona. Kwa kuwa alikuwa na uhakika wa kurudisha muda, kila adui aliyekaribia kufa alimpelekea shujaa wake mkuu ammalizie. Kuua adui wa ngazi ya kwanza kunakupa uzoefu 8, kupigana naye tu bila kuua ni 1. Uzoefu wote umeliwa na mtu mmoja. Shujaa kapanda, anang'aa, klipu imependeza. Nyuma yake hakuna mtu. Kumwita mkongwe arudi vitani ni dhahabu 20, awe wa ngazi ya pili au ya tatu bei ni hiyohiyo, na hapo ndipo mpango mzima wa kampeni ulipo: unalea watu kwenye mapambano ya mwanzo, uje uwaite kwa bei ya kutupa mbele ya safari. Staa hakuwa na wa kumwita. Juu ya hapo kamaliza zamu ya 19 kati ya 20, bonasi ya kuwahi imeyeyuka, na kati ya dhahabu iliyobaki ni asilimia 40 tu inayovuka kwenda mbele. Kaingia pambano la nne na shujaa mmoja, wanagenzi, na mfuko unaovuma upepo. Akasema, "Hakuna balansi humu."

Balansi ilikuwepo, yeye kaila pambano lililopita.

Hivi kazi ya dogo ilikuwa haina kasoro? Ilikuwa nazo, na waliocheza mpaka mwisho walizitaja bila kumtukana. Pambano la nne kaweka kima cha chini cha dhahabu ya kuanzia kuwa 100, kidogo mno. Ukifika umefulia, hata kama ulicheza vizuri ukakosa bahati, unakuwa umenaswa, na dawa yake ni kubadilisha namba moja kwenye faili. Pambano la tano kuna jeshi linaibuka msituni nyuma yako zamu ya tatu bila dalili yoyote. Hilo ni kosa kabisa. Mchezaji hawezi kujilinda na kitu ambacho hakuna aliyemwambia kipo, na hata nyayo kwenye matope au neno moja la yule mzee lingetosha. Ramani ya mwisho ni kubwa kupita kiasi, unatembea zamu nne bila kuona adui, unaanza kupiga miayo. Mchezaji mmoja wa Morogoro alimwandikia dogo yote haya, zamu kwa zamu, na dogo akajibu usiku huohuo kwamba anarekebisha. Namna hiyo ndivyo kampeni zinavyokomaa.

Staa hakutaja hata moja. Asingeweza, hakufika pambano la tano.

Watetezi wake wana wimbo mmoja: "Ni burudani tu, acheni povu." Sawa, burudani. Lakini burudani ilimlipa nani? Zawadi za usiku ule ziliingia kwake. Klipu ya "takataka" ndiyo imetazamwa kuliko zote za mwezi huo kwenye chaneli yake. Kampuni kubwa ikitukanwa haina hasara, ina watu wa kujibu, ina bajeti ya matangazo, na mara nyingi hata haijui kwamba imetukanwa. Dogo wa Mbagala hana ofisi ya habari. Ana simu moja, na kwenye ile simu usiku ule zilikuwa zinaingia meseji za watu wasiomjua wakimwambia akauze karanga. Mama yake anauza karanga. Kuna walioliandika hilo kwenye komenti wakijua, maana ni wa mtaa mmoja.

Wengine wanasema dogo kajitakia, yeye ndiye aliyemwomba staa alicheze. Ni kweli alimwomba. Alimwandikia ujumbe wa heshima, "shikamoo kaka, naomba ulijaribu, ukiona kosa uniambie." Aliomba kukosolewa. Kumwambia mtu "pambano lako la tatu limenishinda kuvuka mto, labda weka onyo la pili" ni kumkosoa. Angesema hivyo angejibiwa kwamba onyo lipo, alirukie mazungumzo, wote wangecheka, klipu ingekuwa nzuri kuliko ile. Watu wanapenda kumwona staa anakiri kwamba kajichanganya. Ila huyu bwana kukiri hajui. Mwaka juzi gemu la mpira lilikuwa na "kitufe kibovu", mwaka jana la magari lilikuwa na "barabara za kuhongwa". Kila gemu anayopigwa imeharibika.

Na wafuasi wake nao wasijifiche nyuma ya kofia ya zambarau. Wengi waliocheka hawajawahi kulifungua Wesnoth, na bando la kumtazama akifoka saa mbili na nusu lisingekuwa mbali na bando la kulishusha gemu lenyewe. Wangelishusha wangejua ndani ya nusu saa kwamba askari hasimamishwi majini usiku. Linafundishwa kwenye mafunzo ya mwanzo, kwamba ardhi unayosimama ndiyo ngao yako.

Taarifa zilizopo mpaka sasa ni kwamba dogo kaishusha tu, mafaili hajayafuta, anayo kwenye flashi. Yule wa Morogoro anayo nakala, na kwa ruhusa ya mwenyewe ameanza kurekebisha pambano la nne, kima cha chini kimepanda mpaka 180. Wawili wengine, mmoja yuko Mwanza, wanachora ramani ya mwisho upya iwe fupi. Msitu wa pambano la tano sasa una ndege wanaoruka ghafla zamu ya pili, na mzee anageuka kuwatazama. Dogo mwenyewe hajasema kama atairudisha. Kaulizwa mara mbili, kajibu kwamba wiki hii anamsaidia mama.

Staa kashatangaza laivu mpya Ijumaa, gemu jingine, la kulipia.